Kidole cha Sajini Meja

Leo asubuhi kijana wa miaka 19 kaingia chumbani kwangu, kanitazama kuanzia kola mpaka buti, kisha kauliza: "Samahani afande, daktari mwenyewe anafika saa ngapi?"

Nikampima koo, masikio, mapafu. Nikamwandikia dawa. Alipofika mlangoni akageuka: "Basi mimi nitamsubiri hapo nje."

Msubiri, mwanangu. Daktari mwenyewe yuko brigedi. Mafua, magoti na siri za batalioni nzima ni vyangu mimi, daktari msaidizi, yule Wamarekani wanamwita physician assistant. Kinachoniuma ni kwamba kazi hii chimbuko lake ni huku huku jeshini. Mwaka 1965 Dkt. Eugene Stead alipofungua darasa la kwanza pale Chuo Kikuu cha Duke, aliwachukua watabibu 4 waliotoka jeshi la majini la Marekani. Zaidi ya nusu karne baadaye, jeshi hilo hilo la Marekani linaniuliza mimi ni nani. Mwaka 2021 chama chetu kikapiga kura tuache kuitwa wasaidizi, tuitwe washirika. Washirika! Kwetu mshirika ni wa kanisani au wa wizi wa ng'ombe. Nilipomweleza mama mdogo kwa simu alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama nina wakili.

Hayo yote ningeyameza kama si Sajini Meja.

Sajini Meja wetu hajawahi kuugua, kasema mwenyewe. Kila siku saa 12 asubuhi, kabla ya mchakamchaka, hupita kwenye foleni ya wagonjwa na kuwasalimia: "Habari zenu, wategaji!" Kikohozi kinakatika papo hapo. Wawili watatu huondoka wamepona, na hurudi baada ya siku tatu wamebebwa.

Juzi natoka bwaloni, kaniita kwa kidole. Kwa cheo mimi ni kapteni, yeye ndiye wa kunipigia saluti. Nikaenda mbio. Kanipeleka nyuma ya lori, katazama kulia, katazama kushoto, kakaa kwenye ngazi, kavua buti la kushoto.

Jamani kile kidole. Gumba limevimba kama biringanya changa na rangi ni ile ile, ukucha umezama nyamani, soksi imeganda kwenye usaha. Nikachuchumaa, kisigino chake mkono wa kushoto, tochi ya simu mkono wa kulia.

"Tangu lini?"

"Krismasi." Nikaona nisiulize Krismasi ipi.

"Inauma?"

"Hapana."

Nikabonyeza kidogo. Sajini Meja akalia kama mlango wa ghala.

Ndipo wakatokea vijana wanatoka kula, mmoja mmoja. Wa kwanza kaona cheo changu, kakakamaa, kapiga saluti. Saluti lazima ijibiwe. Nikajibu na simu yangu mkononi, tochi ikammulika machoni. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Walikuwa kama thelathini, na hakuna aliyethubutu kumkosea adabu ofisa mbele ya Sajini Meja. Mimi nimechuchumaa, mapaja yanawaka, mguu wa mzee mkononi, mkono mwingine unapanda na kushuka kama pampu ya kisima. Yeye katazama mbele kama yuko kwenye gwaride, anawatangazia: "Kapteni anakagua buti!"

Walipoisha nikamwambia, huu ukucha unakatwa pembeni kwa ganzi, kazi ya dakika chache, halafu siku kadhaa bila buti. Nakuandikia ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazi kwa ugonjwa, huku wenyewe wanaiita profaili.

"Mimi? ED?" Ungedhani nimemwambia avae gauni. "Ijumaa kuna maili 12 na shanta mgongoni. Nipe tu vile vidonge."

Vile vidonge ni ibuprofeni ya miligramu 800, yaani vidonge vinne vya dukani vilivyoamua kuishi pamoja. Jeshi hili linaamini vinatibu kuanzia kifundo cha mguu mpaka ndoa. Ongeza maji na soksi kavu, umemaliza udaktari.

Nikachoka, kweli nikachoka. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua: "Sajini Meja, kuna binti ulimwita mtegaji akaondoka kwenye foleni yangu, akatembea siku tisa na mfupa wa unyayo umepasuka. Leo wewe unataka nikutibu nyuma ya lori?"

Kavaa soksi polepole. Kavaa buti. Kafunga kamba zote.

"Sawa, Dokta. Kesho jioni, wakishaondoka wote."

Nikamkata jana jioni, mapazia yamefungwa. Leo asubuhi kapita kwenye foleni, buti mguu wa kulia, ndala mguu wa kushoto: "Habari zenu, wategaji!"

Nyie acheni. Na hapo sijasema kuhusu machela iliyopotea kabla sijafika hapa lakini nimeisaini mimi. Wala yule aliyenigongea mlango wa choo kunionyesha upele, kwa chini, chini ya mlango. Na hizi kalamu anachukua nani? Jumatatu niliweka sita. Ile niliyoifunga na kamba, imebaki kamba.

Yule kijana bado yuko nje. Nimemwambia daktari kaenda kula.