Hii kopo ya Guigoz itanihamisha Goma

Jana mchana nimehesabu maharage kwenye sahani yangu. Msinicheke, mtu hafiki kuhesabu maharage hivi hivi, kuna njia amepitia. Zilikuwa 31, na moja kati yao ilikuwa ganda tupu, mwenyewe alishahama. Bugali iko pembeni imesimama kama Nyiragongo, ile volkano yetu, inatoa na moshi, chini yake zile maharage 31 zinaogelea kwenye maji ya rangi ya chai. Nikamuuliza bibi yangu kwa heshima zote, mama watoto, hii ni mboga ao ni picha ya mboga? Hakunijibu. Akamaliza kuosha sufuria, akajipangusa mikono, akafungua fundo la kitenge, akanitolea franka 10000. Akasema: "Kesho soko ni yako."

Bon. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanne na kravate mbili, kununua maharage haiwezi kunishinda. Tena adui nilikuwa namjua. Adui si bei, bei sisi tumeizoea kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja na leo ana funguo zake za nyumba. Adui ni kopo. Zile Guigoz za sokoni, kopo za maziwa ya unga tunapimiaka maharage, zinapigwa nyundo kwenye kitako mpaka kitako kinaingia ndani, juu unaona imejaa, imefanya na kamlima, moyo wako unafurahi, kumbe chini kuna hewa. Hewa ya Goma na vumbi yake, ile tunavutaka bure, pale unailipia.

Kwa hiyo nikapanga niende na kopo yangu mwenyewe. Alfajiri, umeme hakuna (sijui hata kwa nini naandika hiyo), nikapapasa chini ya kale kameza bibi yangu anauziaka unga na maharage pale mulangoni. Biashara yake mimi siingilii. Gunia yake ya maharage iliisha Jumatatu, ingine iko njiani, na njia tunazijua, na hata ikifika msidhani tunaila, ya mauzo hailiwi, ukigusa mbegu moja unaulizwa kama uko na risiti. Nikaipata Guigoz moja pale chini, nikaitia kwenye mfuko mweusi, nikavaa kravate ya bluu, nikatoka.

Motari, mtu wa pikipiki, aliniomba 1000 kwa safari ambayo ningetema mate yangefika. Nikaenda kwa miguu. Sasa hizi lava zetu, za 2002 na za 2021 zote zina njaa moja, zinakula soli. Kwenye mteremko chukudu ya viazi, ile baiskeli yetu ya mbao, ikanishukia, gunia sita, breki yake ni kipande cha tairi na maombi, nikaruka nikakumbatia ukuta wa watu na mbwa wao akaona.

Soko ya Virunga sasa. Nyanya, fungu la tano, ya juu inacheka, nne za chini zinalia. Mafuta ya mawese nimeuliza bei nikasema asante mama nitarudi, na yeye akajua sitarudi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sikuuliza hata, nilinusa tu nikapita. Na yule sambaza kumbe si mwenyeji wa ziwa Kivu, walimleta kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, alikuja hapa mgeni, mdogo kama kidole, hana hata sanduku, leo ananipita mimi hadhi.

Nikafika kwa mama wa maharage. Mama mzito wa sauti, amekaa nyuma ya magunia matatu kama jaji: nyekundu, nyeupe, na ile ya njano ambayo mimi naiangaliaka tu.

"Karibu papa. Guigoz 2500."

Nikachukua kopo yake, nikaigeuza juu chini. Kwenye kitako kulikuwa na kabonde, kadogo, kama kidole gumba kiliegemea pale. Nikakohoa. Nikatoa sauti ya mtu wa ofisi.

"Mama, hii kopo yako iko na kitovu cha kuingia ndani."

"Ilianguka, papa."

"Ilianguka na kitako?"

"Kwani weye ukianguka unaangukaka na nini?"

Watu wakaanza kusogea, Goma hatuna sinema ila tuna soko. Mimi nikaona huu ndio wakati wangu. Nikafungua mfuko mweusi polepole, kama padri anatoa kikombe, nikasema kwa nguvu ili hata wa nyuma wasikie: "Leo tutapima na hii."

Mama akaipokea. Akatia mkono ndani mpaka chini, mkono ukasimama mapema. Akaniangalia usoni. Kisha uso wake ukalainika, akawa kama shangazi yangu.

"Sawa papa. Tupime na yako. Papa ni mtu wa haki."

Hapo ndipo nilipaswa kukimbia. Muuzaji wa Virunga kukubali neno la kwanza? Mimi nimezaliwa hapa, nimeolea hapa, sijawahi kuona. Lakini sifa ni ugonjwa, mimi nilikuwa tayari najiona nahojiwa kwenye redio. Nikasema nipe tatu. Akapima moja, pa, mbili, pa, tatu, pa, na juu yake akanitupia matabishi, kiganja kizima, bila kuombwa! Nikalipa 7500. Nikageukia watu kidogo, si kwa majivuno, ila ili wajifunze.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja, mwalimu wa zamani, ananunua chumvi ya 200. Akasema, kwa faida ya watoto wanaotazama, mbona tusijaribishe? Akajaza kopo ya mama, akaisawazisha juu na kijiti, akaanza kumimina ndani ya yangu. Yangu ikajaa. Yeye anaendelea kumimina. Maharage zinaanguka nje, zinaruka juu ya mawe, watoto wanaziokota, na mzee anamimina tu taratibu na ule mkono wake wa chaki, kopo ya mama haiishi, kama ile chupa ya mafuta ya yule mjane wa kwenye Biblia. Zilibakia karibu viganja viwili.

Akaigeuza kopo yangu. Nilikuwa sijaitazama na mwanga hata mara moja. Ndugu zangu, lile halikuwa bonde. Ilikuwa kreta. Imezungushwa vizuri, imepigwa na mtu asiye na haraka, ingebaki kidogo tu iwake usiku.

Kabla sijameza mate, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapenya mbele. "Ngojeni. Hii kopo naijua. Hii alama nyekundu ya rangi ya kucha naijua. Si ni ya ule mama wa avenyi yetu anauzaka mulangoni? Ule bwana yake anavaaka kravate?"

Soko lote likaangalia shingo yangu.

Nilikuwa sijavaa kravate. Nadanganya, nilikuwa nimeivaa, nimeshawaambia huko juu.

"Njo maana!" akapiga kelele. "Njo maana juzi Guigoz tano hazikufika ku matanga! Bageni banakula banabakia na njaa, mimi nilifikiri ni bageni!" Na nyuma yake sauti ingine, na ingine, sikujua kama kartie yetu nzima inakujaka soko saa mbili asubuhi. Yule mzee wa chumvi akaniuliza kwa upole sana, ule upole wa mwalimu kabla ya fimbo: "Kwa hiyo papa, weye njo mwizi, na njo muibiwa?"

Nikainama kwa mama wa maharage, nikashusha sauti ikawa ya mtu wa kawaida. Mama, basi tupime upya na yako.

"Apana papa," akasema. "Yangu iko na kitovu."

Mwenye mtoto mgongoni alichukua Guigoz yangu moja ya fidia. Nilibaki na mbili za kreta, na 2500 ya noti za mia tano zenye skochi, zile noti zetu zilizofanyiwa operesheni, muuza makala ya kupikia alikataa tatu hata bila kuzishika, alizinusa kwa macho. Nikarudi na makala ya kifuko, nusu yake vumbi. Gunia nzima siku hizi ni ya watu wenye mbuzi.

Nyumbani nikaweka kopo juu ya meza, katikati, kama kidhibiti. Nikaikunja mikono. Bibi yangu akaitazama, akaniuliza umeitoa wapi hiyo. Nikasema chini ya kameza.

"Ya nyumba iko juu ya kabati," akasema. "Hiyo ni ya kazi."

Nikaanza kusema mambo ya haki, ya majirani, ya mbinguni. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena vizuri, kisha akauliza swali moja, kwamba ile pesa ya shule ya mtoto wa tatu mimi nadhani ilitoka wapi, kwenye kravate? Na gunia ananunua bei gani, na njiani anatoa ngapi, na ngapi tena, na ngapi tena, akaanza kunihesabia kwa vidole na vidole vikaisha. Hapo mimi sikucheka. Nimechoka, nawaambia kweli, si kuchoka kwa kuandika. Mtu unaamka unahesabu, unalala unahesabu, unahesabu maharage, unahesabu makala moja moja kama dawa, dola yako ikiwa na katundu ka sindano inakataliwa lakini wewe mwenye matundu kila mahali unatakiwa uendelee kutumika. Na jirani hapa ukutani anatwanga sombe, majani ya muhogo, tangu saa kumi, tu, tu, tu, na sombe nayo ni ile ile, bila kutwangwa sana na kuchemshwa sana itakudhuru, na kuchemsha sana ni makala, ukifanya hesabu unaona hata majani ni chakula cha tajiri.

Basi maharage. Zilikuwa za zamani, zimekauka kama kokoto, mama wa sokoni alinipa haki zangu zote. Tumeziloweka mchana mzima, jioni zikachemka saa moja kwenye mbabula, kisha kifuko cha makala kikaisha na zenyewe bado zinagonga sufuria. Bibi yangu akafanya mtindo wake: anaitoa sufuria ikiwa bado inatokota, anafunika vizuri, anaitia kwenye kikapu, anaifunga na blanketi nene, inaendelea kuiva yenyewe na ule ule moto wake bila makala hata kidogo. Ni kweli, inaiva. Sina la kusema. Ila blanketi nene kwetu ni moja, na ni langu.

Sasa ni saa nne usiku, mvua inapiga mabati, baridi ya mlimani imeshuka, mimi nina shuka. Sufuria iko kwenye kona imefunikwa mpaka shingoni, imekatazwa kuguswa mpaka asubuhi. Watoto wamelala, mama yao amelala. Nimeisogelea kidogo. Nimeweka mgongo.