Stesheni ya Nairobi: Kipi Kibaki, Kipi Kiende

Nairobi ni mtoto wa reli. Njia kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi hiki Mei 1899, wajenzi wakapiga kambi kujiandaa kupanda kuelekea Bonde la Ufa, na kambi ikageuka mji. Leo ekari zipatazo 425 kuizunguka stesheni ya zamani zimo katika mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022: stesheni mpya, maofisi, nyumba, maduka.

Wanaoutaka mradi wana hoja nzito. Ardhi hiyo iko katikati ya jiji, lakini sehemu kubwa yake ni maghala na reli zilizoota nyasi. Abiria wa Syokimau na Ruiru wakishuka, wanasukumana na matatu na mikokoteni. Sioni mtu aliyewahi kushuka pale asubuhi ya mvua akisema pasiguswe.

Hofu yangu ni jinsi tunavyochagua cha kuhifadhi. Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa 1971, yana wapenzi wake. Watoto wanapanda kwenye garimoshi nambari 5918, Mount Gelai, lenye uzito wa zaidi ya tani 250, wanashika vyuma vyake. Kisha wanachungulia behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, huko Kima mwaka 1900. Afisa mmoja Mwingereza ana behewa zima. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga njia hii, na takriban 2,500 wakafa. Wao wana behewa gani?

Ndiyo maana kwangu urithi mkubwa zaidi uko mtaa wa Muthurwa, kwenye landi, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi wa reli (neno hilo bado limo katika jina la mtaa wa Landi Mawe). Chumba kimoja, familia nzima, bomba na choo vya kushirikiana. Hakuna anayestahili kuishi hivyo leo, na wanaotaka nyumba mpya hawakosei. Lakini wapangaji walipoanza kufurushwa mwaka 2010 walikwenda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Kesi hiyo nayo ni historia ya reli.

La kujengwa na lijengwe. Stesheni ya zamani iendelee kupitisha abiria, isigeuzwe mkahawa. Na safu moja ya landi iachwe imesimama, bomba lake likiwa palepale uani, na wazee waliolelewa humo waulizwe sasa nani alilala chumba kipi.