Parachichi Juu ya Mabati

Kwa kaka yangu, viungani mwa Eldoret, kuna mparachichi ulioinamia paa la nyumba. Msimu ukifika, matunda hudondoka usiku juu ya mabati. Nilipolala kwao mwaka jana kishindo hicho kiliniamsha, nikajigeuza nirudie usingizi. Binti yake wa miaka minane alikuwa tayari ameketi kitandani, sikio lake likiwa kwenye mlango wa chumba cha baba.

“Shangazi, usitoke. Mama atamwita kwanza.”

Asubuhi wifi akanieleza: kaka akilala haguswi. Anaitwa jina kutoka mlangoni, taa ikiwa imewashwa. Kitinda mimba anaijua sheria hiyo na hata kufunga kamba za viatu hajui.

Kaka alipigana Somalia, ambako wanajeshi wetu wa Kenya waliingia Oktoba 2011. Binti huyu hakuwa amezaliwa kambi yao ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa na al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016, lakini vita hivyo vinamwamsha. Shuleni walimu wanamsifu kwa utulivu. Mimi nauona kuwa ni lindo: mtoto yuko zamu, na hakuna wa kumpokea.

Askari akifa, wakubwa na kasisi hufika kwake, jeneza hufunikwa bendera. Akirudi hai, mke anakabidhiwa mtu na begi lake, basi. Najua jeshini kuna washauri nasaha. Ila kwa kaka, ushauri ulianza na kuishia kwa aliyevaa magwanda. Wifi hakuulizwa usiku unapitaje. Naye hathubutu kusema, asije akamharibia mumewe kazi, kwa hiyo anameza. Majirani nao wana majibu yao: karogwa huyo, aombewe. (Ameombewa mara tatu. Alilala vizuri siku mbili.)

Ninachotaka si kikubwa. Kikosi kikirudi, mtu asiye mkubwa wake kazini akae na mke, kisha akae na watoto, awaambie kwa maneno yao kwamba baba akishtuka si kwa kosa lao, wala si kazi yao kumlinda. Na arudi tena baada ya miezi sita, maana kwa kaka hali ilianza kuonekana pale sote tulipodhani ameshazoea nyumbani.

Mwezi uliopita kaka aliyakata matawi yote ya upande wa paa. Wifi anasema mtoto bado anaamka.