Pori Tupu na Makaburi ya Wapagazi

Mjadala wa ranchi za Laikipia na majirani zake ukizuka, wazao wa walowezi huja na hoja ileile: babu zao, wanajeshi waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuta pori tupu. Wakapambana na ukame, madeni na magonjwa ya ng'ombe.

Taabu walizipata kweli. Bei ya kitani, zao walilolitegemea, ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, hata maafisa walemavu waliopewa ardhi Kericho walishindwa. Na faru wa Kenya huwezi kuwataja ukairuka hifadhi ya Lewa, ambako akina Douglas walianza kufuga ng'ombe mwaka 1922 na wazao wao, akina Craig, wakatenga ekari 5,000 kwa ajili ya faru miaka ya 1980. Hilo nalipokea bila kinyongo.

Ila huo utupu ulikuwa mpya mno. Wamaasai walihamishwa Laikipia kwenda kusini kati ya 1911 na 1913. Miaka sita baadaye, 1919, bahati nasibu ya kuwagawia wanajeshi hao mashamba ikachezeshwa. Ili uicheze, ilibidi uwe umetumikia vita, na uwe Mzungu.

Hapo kwenye kutumikia vita ndipo ninapokwama. Mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika wa Carrier Corps, jina tulilolitafuna likawa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliotoka Kenya na kufa walizidi 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mashamba ya wanajeshi yalikuwa 1,300 hivi. Gawanya: kila shamba moja, wapagazi 30 na zaidi waliokufa. Nimesema waliokufa, sikusema makaburi, maana kuna waliofukiwa njiani bila alama.

Anayeuliza habari hizi leo huitwa mvamizi, adui wa wanyama. Mimi sijaona anamkosea nini faru. Haulizi nani ametunza ardhi vizuri tangu hapo. Anauliza kwa nini vita vilevile vilimpa mmoja hati, ambayo sheria ya 1915 iliiruhusu kufika miaka 999, na mwenzake asipate hata robo ekari.

Mpagazi naye alikumbukwa, tusiseme uongo. Yuko Kenyatta Avenue, Nairobi, amesimama na askari wawili wa shaba, na maandishi chini yao yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi.