Mvua ya Dodoma siyo mkosi, jamani

Kinachoniudhi ni hii tabia ya kukimbia mvua kama vile ni moto. Tuko kwenye mawe ya Mlimwa kwa picha za uchumba, yanadondoka matone matatu tu, mpiga picha kashafunga kamera begini! Shangazi naye anapaza sauti: "Mwanangu, nywele zitaharibika!"

Dodoma hii msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, milimita 600 hivi kwa mwaka. Watemi wa Kigogo waliiomba kwa matambiko, leo sisi tunaikimbia?

Mimi na mchumba wangu tulibaki pale. Maji yanamchuruzika kwenye kope, kitenge kimemganda begani, udongo mwekundu unanukia, anacheka mpaka anashika tumbo. Hiyo ndiyo picha niliyoitaka, na hakuna aliyeipiga. Mwavuli mmoja wa kuikinga kamera ungetosha kabisa. Halafu mwanga wa mawingu ni laini, haumkunjishi mtu uso kama jua letu la saa saba.

Eti tumepangiwa upya Agosti. Agosti, na vumbi lile, na mibuyu haina hata jani!