Wabeba boksi wenzangu, hiyo milima tunaiangalia tu mpaka lini?

Miaka sita niko hapa Salt Lake, Utah, Marekani, na kila nikitoka shifti ya usiku naiona ile milima ya Wasatch imesimama pale kama ukuta wa jirani tajiri, unaupita kila siku ila ya ndani hayakuhusu. Na siyo mie peke yangu. Waulize Wabongo, Wakenya, na ndugu zetu wa Kongo ambao huku ndo wamejaa, nani ameshawahi kupita Alpine Loop, ile barabara inayokatiza milima hiyo? Watakwambia hayo mambo ya wazungu na baiskeli zao. Mie naona tunajidhulumu, na ile sababu ya "muda sina" siikubali tena maana masaa matano ya kukaa kwenye kochi kubishana mpira yanapatikana kila wikiendi.

Sasa Jumatatu moja mwishoni mwa Septemba nikawa off, dabo shifti hakuna, nikamgongea jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa Uvira, Kongo, nikamwambia mama vaa sweta twende tukaone majani. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Kwetu ku mlima unaenda wakati unakimbia vita." Nikakosa la kujibu. Lakini akaingia ndani, akatoka na sweta mbili na mfuko wa maandazi.

Tukashika barabara kuu ya I-15 kuelekea kusini, halafu barabara namba 92 inayoingia korongo la American Fork. Pale mdomoni kuta za mawe zinakubana huku na huku, mto uko pembeni yako, na chini chini kule ndo kuna mepo, jamaa wa ule mti wenye jani kwenye bendera ya Kanada, imekuwa myekundu mpaka unahisi kuna mtu amemwaga rangi. Mama akauliza, "Hii miti iko mugonjwa?" Nikajitia mwalimu: hapana mama, siku zikiwa fupi na baridi ikianza mti unaacha kutengeneza ile kijani yake, na njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote imefunikwa tu, ila nyekundu ndo inatengenezwa wakati huo huo na sukari iliyobaki kwenye jani. Akasema sawa, lakini hakuonekana kuniamini.

Ukipita mapango ya Timpanogos barabara inakuwa nyembamba kweli, hata mstari wa katikati hakuna, gari ndefu haziruhusiwi, mkikutana na mwenzio kwenye kona mmoja anasogea. Njia nzima ni kilomita kama 32 tu, karibu sawa na Mombo mpaka Lushoto, na hapo ndo aibu ilinishika maana mie mtoto wa Lushoto, nimekulia kwenye kona kama hizi natapika kwenye basi, halafu nimekuja Marekani nikawa mtu wa tambarare! Juu kabisa ni zaidi ya mita 2,400 na pembeni yako mlima Timpanogos mwenyewe ana mita 3,582, Kilimanjaro hamfikii lakini ana sura.

Na kule juu ni aspeni tupu. Shina jeupe, majani ya njano, na hayatulii hata upepo ukiwa kidogo kwa sababu kikonyo cha jani ni bapa, basi yanatetemeka yote pamoja, ukizima gari unasikia kama manyunyu yanaanza. Tukakaa pale tunakula maandazi. Nikamwambia miti hii mingi inatoka kwenye mzizi mmoja, kusini huko kwenye msitu wa Fishlake kuna mmoja unaitwa Pando, una mashina kama 47,000 kwenye hekta 43 na wote ni mti mmoja. Akacheka. "Njo vile, ni ukoo." Saa nzima hatujasema kitu cha maana, na sikumbuki mara ya mwisho nimekaa saa nzima bila kuwaza bili.

Nikampigia bi mkubwa, mama yangu mzazi, Lushoto video kolo. Kwanza neno lenyewe lilinishinda, kamusi zinasema hii ni vuli, sasa nitamwambiaje huku ni vuli na majani yanapukutika wakati vuli yake yeye ni mvua, ni kupanda, ni majani yanachipua? Nikamwonyesha tu kamera. "Umechoma mafuta kwenda kuangalia majani yanayokufa?" Mama wa Uvira akadakia kwenye simu, wakasalimiana, wakaanza kunisema wote wawili.

Kushuka upande wa Sundance nilifanya ujinga, nikawa nakanyaga breki muda wote mpaka harufu ikaanza kuingia ndani, ikabidi nisimame zipoe. Gari ya otomatiki ina gia ya chini, itumie, dereva wa basi la Lushoto angenizaba kibao. Mkifika korongo la Provo ni barabara kubwa, pale kuna maporomoko ya Bridal Veil, mita 185 lakini wakati huu wa mwaka maji ni kidogo, dakika kumi zinatosha.

Saa kumi jioni tulikuwa tumerudi nyumbani. Ukiondoa ada ya kuingia korongo, gharama ilikuwa mafuta tu na zile breki. Sasa theluji ikishaanza wanaifunga ile njia ya juu mpaka karibu mwezi wa tano au sita, kwa hiyo mwenye off wiki hii anicheki mapema. Nyuma kuna nafasi ya watu watatu, siti ya mbele mama ameshaiwahi.