Eti tumezoea bodaboda

Juzi kwenye grupu la mtaa kuna jamaa katuma voisi ndeeefu, anasema watu wa uswahilini wabishi, mwendokasi, yale mabasi ya Dar yenye njia yake maalumu, ipo pale mlangoni kwao lakini hawaitaki, wamezoea bodaboda. Wamezoea! Nimeisikiliza mara mbili mpaka chai ikapoa.

Huyo jamaa ana gari, haya. Mi naishi Manzese, na nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama anatembelea magongo toka utotoni. Mpaka kituoni mimi natumia dakika nane. Yeye anaanza na kichochoro ambacho wawili wenye ndoo hawapishani, katikati maji ya kufulia yanatiririka. Akitoka hapo anakutana na mtaro, mfuniko mmoja umevunjika toka masika ya mwaka juzi, pamewekwa ubao na ubao wenyewe unacheza, sisi tunaruka, yeye anasimama kungoja mtu ampokee gongo moja ndo avuke. Mbele kifusi, mbele meza ya chipsi, mbele boda zimepaki palepale palipojengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu. Kwa hiyo anachukua boda, buku, yaani elfu moja, kwenda, buku kurudi, wakati mwendokasi inaanza Mei 2016 nauli ilikuwa 650, Kimara mpaka Kivukoni! Yaani kufika tu kituoni kunamla hela kuliko kulivuka jiji, halafu mtu na kiyoyozi chake anasema kazoea.

Sawa, nikubali kwa shingo upande, vituo vyenyewe wamevijenga kwa akili, sakafu imelingana na mlango wa basi, kiti mwendo kinaingia bila kubebwa. Hongera zao. Sasa hicho kiti mwendo kifikeje hapo, kipae?

Taa za njiani sigusi, kina dada wanaotoka saa kumi alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini wanajua kwa nini wanatembea wannewanne. Wanafunzi na makonda wa daladala, hiyo siku nyingine. Na Jangwani, bondeni mwendokasi inapopita, ikijaa maji ndo basi tena, wote tunakuwa sawa, ha!

Jana jioni nikamuuliza mwenyewe, mama, kwani mwendokasi huipendi? Alikuwa anachambua mchele barazani, hata hakuinua macho.

"Kwani ule ubao washaubadilisha?"